Hapana mume wala mke kwenye chumvi

"Shangazi, niko kidato cha pili hapa Gongoni. Mwalimu alitwambia atomu huungana kama mke na mume: ama mmoja humpa mwenziwe elektroni, ama wanazitumia pamoja. Niliandika hivyohivyo kwenye mtihani, nikapata alama 2 kati ya 15, darasa zima likanicheka. Kaka yangu ni kibarua kwenye mashamba ya chumvi, anasema niache shule nikashike koleo. Nifanyeje?" — Aliyechoka

Mwanangu, shule huachi. Koleo halikimbii.

Kilichonikera ni hiyo ndoa. Mimi kutwa nasuluhisha ndoa za watu, na sijaona hata moja inayofanana na chumvi. Chumvi ni sodiamu na klorini. Sodiamu ina elektroni 11, yaani vijichembe vya chaji hasi vinavyozunguka kiini cha atomu, zimejipanga 2, 8, 1. Hiyo moja ya nje iko mbali na kiini, haikushikwa sana. Klorini ina 17: 2, 8, 7, yaani imepungukiwa na moja tu zitimie 8 za nje. Elektroni ikishahama, sodiamu hubaki na chaji chanya, klorini chaji hasi, nazo huvutana. Mvuto huo ndio muungano wenyewe. Tena ndani ya punje ya chumvi kila sodiamu imezungukwa na klorini 6, na kila klorini na sodiamu 6. Mume ni yupi hapo?

Maji ni habari nyingine. Oksijeni imepungukiwa na elektroni 2, haidrojeni 1, na hakuna inayomwachia mwenzake moja kwa moja. Hutumia jozi ya elektroni kwa pamoja, na viini vyote viwili huivuta jozi hiyo, ingawa oksijeni huivuta zaidi.

Sasa jaribu. Tia maji ya mvua kwenye bilauri mbili (ya kisima huko kwenu yana chumvi tayari, yatakudanganya). Moja ikoroge chumvi, ya pili sukari. Tumbukiza waya mbili zilizofungwa kwenye betri ya volti 9, ncha zisigusane. Kwenye chumvi, waya wa upande hasi utatoa viputo chungu nzima, maana ioni, yaani zile sodiamu na klorini zenye chaji, ziko huru kubeba umeme. Kwenye sukari karibu hutaona kitu: molekuli zake huyeyuka nzimanzima, hazina chaji. Fanyia dirishani, kwa dakika moja tu, maji uyamwage, na umeme wa ukutani usiuguse kabisa.

Kisha mpelekee mwalimu karatasi yako, akuonyeshe zile alama 13 zilipotelea wapi. Ukiona haya kwenda peke yako, mchukue mmoja wa waliokucheka. Naye sidhani kama alivuka 5.