Uvimbe umetoka wote, dripu za nini tena?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu, miaka 62, alipasuliwa wiki tatu zilizopita kwa saratani ya utumbo mpana. Tuliambiwa uvimbe umetoka wote. Sasa majibu ya maabara yanasema hatua ya tatu, tezi 2 kati ya 15 zina saratani, na anatakiwa aanze kemotherapi. Kama umetoka wote, dawa ya nini? Pia amewekewa mfuko wa choo tumboni na tangu hapo hataki kuonana na mtu. Atakaa nao maisha?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Poleni sana.

Aliyempasua hakuwadanganya. Alitoa kila alichokiona. Shida ni zile tezi 2. Tezi za limfu hunasa kinachotiririka kutoka kwenye utumbo, na zikikutwa na saratani huenda seli chache zimekwisha kuzipita, zimejificha kwenye ini au kwingineko, ndogo mno kuonekana hata kwa CT skani. Kemotherapi inazifuata hizo. (Kupimwa tezi 15 ni jambo zuri, zikiwa chini ya 12, majibu huwa hayaaminiki sana.)

Kwa kawaida hutumika dripu ya oksaliplatini pamoja na vidonge vya kapesitabini, kwa mizunguko ya wiki 3. Hapa ulizeni swali moja mahususi: ni miezi 3 au 6? Mwenye tezi moja hadi tatu, na uvimbe ambao haujatoboa ukuta wa utumbo hadi nje, mara nyingi miezi 3 humtosha. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu oksaliplatini huumiza mishipa ya fahamu. Vidole hufa ganzi, maji baridi huchoma kama sindano, na kadiri dozi zinavyoongezeka ndivyo ganzi inavyoweza kubaki. Baba akianza kushindwa kufunga vifungo vya shati, asivumilie kimya. Dozi hupunguzwa au dawa hiyo husimamishwa. Ulizeni pia kuhusu kipimo cha DPD, kimeng'enya kinachovunja kapesitabini mwilini, kabla ya kidonge cha kwanza, maana wachache miili yao haiwezi kuivunja dawa hiyo, na kwao dozi ya kawaida ni sumu. Akipata homa ya nyuzi 38 akiwa kwenye matibabu, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Msichelewe kuamua. Kidonda kikipona, dawa ianze ndani ya wiki 8 hivi tangu upasuaji.

Mtasikia watu wakiuliza mbona hapewi mionzi. Hiyo ni hasa kwa saratani ya rektamu, kule mwisho karibu na njia ya haja kubwa.

Kuna kipimo kingine, cha MMR, kinachofanywa kwenye nyama ileile iliyotolewa. Huonyesha kama ugonjwa huenda ni wa kurithi, na kama dawa za kuamsha kinga ya mwili zingefaa siku za mbele. Nanyi watoto, mkifika miaka 40 mchunguzwe utumbo kwa kamera, hata kama hamuumwi kitu.

Sasa mfuko. Kama njia ya haja kubwa haikuondolewa, mara nyingi utumbo huweza kurudishwa ndani, ila husubiri kemotherapi iishe. Mwulizeni daktari wa upasuaji waziwazi. Kwa sasa tafuteni muuguzi wa stoma, yaani ule utumbo uliotolewa nje tumboni. Tundu la mfuko likatwe liache milimita 2 au 3 tu kuzunguka utumbo, na mfuko umwagwe ukifika theluthi. Ngozi kuungua na harufu mara nyingi hutokana na kuvuja. Utumbo wenyewe uwe mwekundu na unyevu. Ukigeuka mweusi, mrudisheni hospitali.

Halafu mwulize baba, kwa upole, angependa nani amsaidie kuubadilisha. Nimeona wazee ambao hawakuwa wakiuonea haya mfuko kabisa. Waliona haya kuvuliwa nguo na binti yao. Wakifundishwa kujibadilishia wenyewe mbele ya kioo, walitoka sebuleni wiki hiyohiyo.