Kwa Salma, kuhusu safari yenu ya kusini

Mwanangu Salma,

Salamu zako zimefika, na mamako anakusalimu kuliko mimi. Umeniuliza kama mashua yenu inaweza kutoka Lamu mwezi wa nane, mpite Malindi, Kilifi, Mombasa na Wasini mpaka Tanga, yote ndani ya likizo yenu ya wiki mbili, na kama ni sawa kuwaandikia marafiki wa kila bandari tarehe ya kufika. Mashua itafika. Mwezi wa nane ndio sikubali, na tarehe hizo ningekuwa wewe ningezifuta leo.

Mwezi wa nane ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Upepo unatoka huko huko mnakokwenda, na mkondo wa pwani hii nao unapanda kaskazini. Mtakwenda bisho, mkipinda huku na huku kuukata upepo, mchana kutwa, na jioni mkitazama nchi kavu mtaona minazi ile ile ya asubuhi. Najua utasema mna injini. Injini ya mashua ni ya kuingilia bandarini. Mkiitegemea safari nzima mbele ya kusi, pesa zenu zitaishia kwenye mafuta kabla ya Mombasa. Ngojeni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kuanzia Desemba mwishoni mpaka Februari, upepo uwe tezini, nyuma yenu. Majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yalishuka huku kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, karne baada ya karne. Hata Vasco da Gama, alipofika Malindi mwaka 1498, alipewa rubani pale pale, akaondoka mwezi wa nne, akavuka mpaka Calicut, Bara Hindi. Siku hizi watalii wanapiga picha nguzo yake. Rubani hana nguzo.

Njia yenyewe si ya kutisha. Mlango wa Shela msiutoke siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakitoka kwa nguvu huku upepo unavuma kutoka nje, maana mawimbi husimama wima. Ghuba ya Ungwana ipiteni mbali na ufuo, kwa sababu Mto Tana unaleta tope na kuacha mafungu ya mchanga. Malindi msikae sana: wakati wa kaskazi maji ya Mto Sabaki husukumwa kuja upande wa mji, na bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa, hata mwamba hauonekani. Kilifi ingieni ndani ya mkono wa bahari mpumzike. Huko ndiko wanakotia nanga Wazungu wanaozunguka dunia kwa matanga. Waulizeni watafika lini wanakokwenda, muone kama kuna atakayewatajia siku. Na mlango wowote wa mwamba msiupite usiku, hata simu iwaonyeshe ramani nzuri namna gani.

Kabla ya kuvuka kwenda Tanzania, gongesheni muhuri pasi zenu za kusafiria Mombasa au Shimoni na karatasi za chombo ziwe sawa. Hilo halina mjadala.

Sasa hizo tarehe. Mwenyeji akiambiwa Ijumaa, mkewe hununua samaki Alhamisi. Msipotokea, nanyi mko mbali na nchi kavu, simu haishiki, nyumba nzima inakesha. Jumamosi wanaanza kuwasumbua watu wa bandari. Hayo bado ni madogo. Kubwa ni kwamba nyinyi wenyewe mtang'oa nanga siku ambayo hamkustahili kung'oa, kwa kuwa kuna sahani ya wali inawangoja Wasini. Waambie tu: tutapita kwenu baada ya bamvua ya mwezi mpevu, Mungu akipenda. Mtu wa pwani atakuelewa. Wenzako wa Nairobi wafafanulie.

Ami yako wa Wasini hakuwahi kuijua siku yangu hata mara moja. Tanga langu lilikuwa na kiraka cha turubai ya buluu karibu na foromali, ule mti unaobeba tanga. Akikiona kwa mbali humtuma mtoto na ngalawa, na nikipanda pwani nakuta buli la kahawa limeshawekwa jikoni. Salamu hazijaisha ameshaanza kunisimulia kesi ya shamba la mkwewe, kutoka pale pale alipoiachia mwaka uliopita. Kesi ile sijui kama imekwisha mpaka leo; muulize.

Tanga nilikuwa na rafiki mwingine, fundi wa kalafati, wa kuziba mianya ya mbao za vyombo. Msimu mmoja nilifika nikaambiwa kazikwa, ana miezi. Nilimsomea Fatiha, nikakaa na wanawe mpaka alasiri, wakanionyesha patasi zake zimefungwa ndani ya gunia, zimepakwa mafuta zisishike kutu. Hakuna aliyeniambia nimechelewa. Mdogo wao ndiye fundi sasa. Chombo kikivuja mpelekeeni yeye, msiende kwa mtu wa barabarani.

Mamako anatengeneza achari ya maembe na halwa. Mkebe mkubwa ni wa Wasini, mdogo ni wa Tanga, na wa kula njiani atautia alama ya uzi mwekundu, maana anakujua.

Niandikie jina la nahodha wenu na ametoka mji gani. Tena nitumie picha ya tanga, upande wa mishono.

Babako
Lamu