Kungoja mbegu ichipue

Umeuliza kwa nini mtu ahangaike na bustani wakati mboga zinauzwa. Kwangu mimi ni kule kungoja. Unafukia mbegu ya haragwe, unamwagilia, kila asubuhi unachungulia, hakuna kitu; halafu baada ya siku 7 hadi 10 hivi udongo unapasuka na kishina kilichojikunja kama kiwiko kinajisukuma juu. Nimekiona mara nyingi, na bado moyo hunidunda. Na ile harufu ya udongo uliolowa! Hutokana na jeosimini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua zetu huinasa hata ikiwa kidogo mno. Nilipofiwa na mama, bustani ndiyo iliyonitoa kitandani, maana miche ilitaka maji hata kama sikulala.