Kuiga Chaneli Yenye Njia Nyingi: Ushauri kwa Anayeanza

Anayeanza kuiga kwa kompyuta chaneli yenye njia nyingi, yaani mawasiliano ya redio ambamo wimbi humfikia mpokeaji kwa njia kadhaa zenye ucheleweshaji tofauti, huwa na haraka ya kufika kwenye kisawazishi (sehemu ya mpokeaji inayoondoa athari za ucheleweshaji huo), ilhali kinachompotosha mara nyingi kimejificha nyuma zaidi, katika mistari michache inayozalisha chaneli na kelele. Usiongeze sehemu mpya kwenye programu kabla ile iliyopo haijatoa jibu linalojulikana tayari kwa hesabu ya karatasi.

Anza na alama mbili, +1 na −1, katika kelele tupu: uwiano wa nishati ya biti kwa kelele ukiwa desibeli 10, kiwango cha makosa ni takriban 0.0000039. Kisha zidisha alama kwa namba changamano ya mgawanyo wa Gauss, yenye nguvu ya wastani 1, nusu kwenye sehemu halisi na nusu kwenye ile ya kufikirika. Huo ndio ufifiaji wa Rayleigh, yaani kupanda na kushuka kwa nguvu ya ishara, na kwa desibeli zilezile 10, mpokeaji akiijua chaneli, makosa hupanda hadi takriban 0.023. Yasipopanda, chunguza kelele yako. Zipo amri zinazopima kwanza nguvu ya kila kipande kilichopokewa ndipo zikapanga kelele kulingana nayo, hivyo chaneli inapodhoofika kelele nayo hupungua, na ufifiaji wote hufutika bila programu kulalamika. Kelele ipangwe kwa wastani wa chaneli zote.

Mwingiliano wa alama, yaani alama moja kumwagikia inayofuata, huanza kuuma pale tofauti ya ucheleweshaji inapokaribia muda wa alama. Wimbi husafiri takriban mita 300 kwa mikrosekunde 1. Alama ya GSM, mfumo wa simu za mkononi wa kizazi cha pili, hudumu mikrosekunde 3.69, basi mwangwi uliozunguka kilomita 1.1 zaidi huangukia alama inayofuata. Weka njia mbili za Rayleigh zenye nguvu sawa za wastani, zikipishana kwa alama moja, na mpokeaji anayeijua njia ya kwanza tu, bila kisawazishi. Hata ukiondoa kelele kabisa, makosa yatagoma kwenye 0.146. Ni thamani ileile ya fomula ya Rayleigh, ½(1 − √(γ/(1+γ))), γ (uwiano wa wastani wa ishara kwa kelele) ikiwa 1, kwa kuwa alama iliyotangulia imegeuka kelele yenye nguvu sawa na ishara. Binafsi sijaona kipimo kizuri kuliko hiki cha kuhakiki konvolusheni (hesabu inayojumlisha alama zilizocheleweshwa za kila njia), maana kukosea mpangilio wa alama hata kwa hatua moja hukiharibu papo hapo.

Njia zikiongezeka, jumla ya nguvu zao ibaki 1. Njia tatu za desibeli 0, −3 na −6 zina jumla ya takriban 1.75, na ukiziacha hivyo mchoro wako utapendeza kwa desibeli 2.4 ambazo hukuzifanyia kazi.

Mwisho, hesabu chaneli, si biti peke yake. Makosa huja kwa mafungu, chaneli inapozama. Biti milioni 1 zilizopita kwenye chaneli moja hueleza habari za chaneli hiyo tu, wakati biti 100 kwa kila moja ya chaneli 10,000 zisizotegemeana hukupa wastani unaoweza kuulinganisha na fomula.