Mvua ya rasharasha haikati picha, mama

Swali: Fundi mwanangu, mimi niko Langoni, Lamu. Dishi langu liko juu darini karibu na tangi la maji, mwaka wa nne sasa. Tangu masika yaingie, mvua ikianza tu, hata ya rasharasha, TV huandika hakuna mawimbi. Mara nyingine mvua imekatika nusu saa nzima na picha haijarudi. Aliyelifunga aniambia mvua haina dawa, ninunue dishi la sentimita 90. Ni kweli?

Jibu: Shikamoo mama. Pesa zako usizitoe bado. Mvua hukata picha, ni kweli, lakini si mvua hiyo unayonieleza.

Mawimbi yanayopokewa na dishi kama lako yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Tone nene la mvua hufika milimita tano. Wimbi fupi namna hiyo likipambana na matone manene mengi, humezwa na kutawanywa njiani, na kinachofika kwenye dishi hakitoshi. Zamani picha ingefifia pole pole na kujaa chengachenga. Hii ya dijitali hukatikakatika vipande vya mraba kwa sekunde chache, kisha kiza.

Lakini tazama tulipo. Setelaiti ziko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na katika safari yote hiyo wimbi hukutana na mvua kwenye kilomita tano za mwisho, kukaribia chini. Lamu iko kusini mwa ikweta kwa digrii mbili na kidogo, karibu na digrii 41 mashariki. Kwa hivyo setelaiti iliyo digrii 36 mashariki, ambako baadhi ya dikoda za kulipia za kwetu huchukua mawimbi, iko karibu utosini mwetu. Wimbi lashuka karibu wima na kulipita tabaka la mvua kwa njia fupi. Uingereza dishi huinuliwa digrii 25 hivi tu, wimbi huja mshazari na kusafiri ndani ya mvua masafa marefu zaidi. Basi huku kwetu mvua inayostahili kukata picha ni ile ya kumwaga, ambayo ukisimama forodhani hukioni kisiwa cha Manda ng'ambo. Tena picha hurudi mvua ikipungua tu, haingoji ikatike. Rasharasha ikikata, na picha ikakawia nusu saa baada ya mvua, kuna maji yaliyoingia mahali yakakaa.

Mahali penyewe napajua, maana nimepafungua mara nyingi mno. Ni pale waya unapoingia kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Ukikivua kifuniko cha mpira, ambacho kwa jua letu hupasuka, utakuta konekta imeota ukungu mweupe wa chumvi, na ule uzi wa shaba wa katikati, unaotakiwa kung'aa kama pete mpya, umegeuka kijani, wakati mwingine mweusi. Upepo wa kusi huleta chumvi, mvua huiyeyusha, na waya huo huo ndio unaopandisha umeme wa kuwasha LNB, volti 13 au 18 kulingana na stesheni. Maji ya chumvi na umeme vikikutana, shaba huliwa upesi. Kuna dalili moja ya kutazama: baadhi ya stesheni zikipotea na nyingine zikabaki, mara nyingi ni zile zinazohitaji volti 18, kwa sababu umeme unapungua njiani.

Mwambie fundi akate waya sentimita 10 au zaidi, mpaka afike penye shaba safi. Akiona weusi umeingia ndani sana, waya wote ubadilishwe. Aweke konekta mpya, aizungushie tepu ya mpira isiyopitisha maji, na chini ya LNB auachie waya upinde mdogo ulioning'inia, ili maji yadondoke hapo yasifuate waya hadi kwenye konekta. Kisha akaze nati za mlingoti na kulielekeza dishi upya akitazama kipimo cha ubora wa mawimbi, si cha nguvu yake peke yake, siku ya jua.

Dishi la sentimita 90 lina eneo zaidi ya mara mbili ya la sentimita 60, na katika mvua kubwa husaidia kweli. Ila konekta mbovu itabaki mbovu. Na dishi kubwa ni tanga, mama: kusi likilisukuma digrii mbili tu, picha imekwenda, maana kadiri dishi linavyokuwa kubwa ndivyo linavyotaka kulengwa kwa uangalifu zaidi. Ukilitaka, lifungwe ukutani kwenye mawe, si kwenye boriti za makuti.

Kabla fundi hajagusa konekta, dikoda ichomolewe kwenye plagi. Waya ukigusana na umeme ukiwamo, dikoda yaweza kuungua.