Bunduki ya nyama, bastola ya hofu

Swali lenu la wiki: "Kwa nini Wamarekani hawataki kuachana na bunduki?" Naishi jimbo la Pennsylvania, Marekani, na hapo penye "Wamarekani" nina neno. Wenye bunduki ni kama watu wazima watatu tu katika kila kumi. Ila wakishaanza hawashibi: watafiti wa Geneva walikadiria mwaka 2018 kwamba raia wa nchi hii wanamiliki bunduki milioni 393, nyingi kuliko watu wenyewe.

Huku kwetu msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ulikuwa ukifunguliwa Jumatatu baada ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya mwezi Novemba, na shule nyingi zilifungwa siku hiyo. (Mwaka 2019 ufunguzi ulihamishiwa Jumamosi, na wazee bado wananung'unika.) Kijana anafundishwa na baba au babu, nyama inaingia kwenye friza. Mila hii naielewa, hata kule nilikotoka wawindaji wapo.

Lakini inayonunuliwa sana siku hizi ni bastola, na mnunuzi hawazi kulungu. Mwaka 1999 wenye bunduki walipoulizwa sababu kuu, asilimia 49 walitaja kuwinda na 26 kujilinda. Mwaka 2023, asilimia 72 walisema kujilinda ni sababu kubwa. Ajabu ni kwamba katikati ya miaka hiyo uhalifu wa kutumia nguvu ulikuwa umepungua sana!

Hofu hiyo ilipata walezi. NRA, chama cha wenye bunduki kilichoanzishwa mwaka 1871 ili kufundisha watu kulenga shabaha, kilipinduliwa na wanachama wake wenye msimamo mkali kwenye mkutano wa Cincinnati mwaka 1977, kikageuka chama cha siasa. Mwaka 1987 Florida ikalegeza masharti ya kubeba bastola iliyofichwa, na majimbo mengi yakafuata. Siku hizi unapanga foleni dukani bila kujua nani kajifunga nini kiunoni. Kwa wanaobeba, huo ni uraia mwema: polisi watachelewa, mimi nipo.

Ila uraia huo una rangi. Mwaka 1967 vijana wa Black Panther, chama cha kutetea watu weusi, walipoanza kuwafuatilia polisi wa Oakland wakiwa na bunduki, jambo ambalo sheria iliruhusu, California ilipiga marufuku haraka kubeba bunduki yenye risasi hadharani. Aliyetia saini ni Gavana Ronald Reagan, rais wa baadaye. Jirani zangu wengi wanaompenda Reagan hawajawahi kusikia habari hiyo.

Halafu kuna vifo. Mwaka 2021 bunduki ziliua watu zaidi ya 48,000, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Yule mvamizi anayengojwa usiku mara nyingi haji. Waliolitambua hili mapema ni pamoja na wauza bunduki wa New Hampshire: tangu 2009 wamekuwa wakishirikiana na watu wa afya, wanabandika mabango madukani, na wanajifunza kumtambua mteja aliyekata tamaa ili wasimuuzie siku hiyo. Hakuna sheria iliyowalazimisha.

Msomaji wenu, Pennsylvania