Betri zimevuja na kunasa ndani ya tochi: nitazitoaje?

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninayo tochi ya alumini aliyoniachia marehemu baba, ya betri tatu kubwa, ambayo ilikaa kabatini tangu mwaka jana. Nilipoifungua nilikuta ukoko mweupe kama chumvi kwenye springi. Betri moja imetoka, mbili zimegoma. Nimeigonga tochi chini na kumimina mafuta ya taa bila mafanikio. Je, nizitoboe kwa drili? – Msomaji, Muheza

JIBU: Marahaba. Drili iweke kando kwanza, na mafuta ya taa pia uyaache, kwa sababu kilichozishika betri zako ni chumvi iliyoganda wala si kutu, na mafuta hayayeyushi chumvi.

Chukua ile betri iliyotoka usome maandishi yake. Ikiwa imeandikwa LR20, hiyo ni ya alkali. Ikiwa ni R20 bila herufi L mbele, ni ya zinki na kaboni, yaani zile za bei nafuu ambazo wengi wetu tumekua nazo. Tofauti hii ndiyo inayoamua utamimina nini. Betri ya alkali hubeba hidroksidi ya potasiamu, kemikali kali inayochoma ngozi na kula alumini, na ikivuja hukutana na hewa ya ukaa iliyomo hewani ikageuka kuwa kabonati, ambayo ndiyo ule ukoko mweupe. Betri ya zinki na kaboni ina kloridi ya amonia au kloridi ya zinki, yenye tabia ya asidi hafifu, na kopo lake la zinki ndilo linaloliwa kadiri betri inavyotumika, hata likatoboka na kutoa uji wa kahawia au mweusi. Kwa maelezo yako ninadhani zako ni za alkali, lakini amini maandishi kuliko dhana yangu.

Vaa glavu na miwani ya kujikinga, kisha ufanyie kazi nje au karibu na dirisha. Majimaji ya betri yakikugusa ngozi au jicho, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, na kama ni jicho uende hospitali mara baada ya kuosha. Usijaribu kutuliza mwilini kwa siki wala limau. Hizo ni dawa za tochi.

Fungua kichwa cha tochi, utoe kioo na balbu, ili bomba libaki wazi pande zote mbili. Ziba upande mmoja kwa kitambaa kilichofungwa kwa nailoni, lisimamishe bomba, kisha mimina siki kidogo kidogo ishuke kati ya betri na ukuta. Ukikosa siki, maji ya ndimu yatafaa. Utaona povu, nayo ni ishara kwamba kabonati inayeyuka. Subiri nusu saa, mwaga, urudie kutoka upande wa pili, na uendelee hivyo mpaka povu likome. Kama betri ni za R20, badala ya siki tumia soda ya kuokea iliyokorogwa katika maji ya vuguvugu. Magadi na kostiki ya kutengenezea sabuni usivikaribishe kabisa, kwani navyo vinakula alumini.

Baada ya hapo ndipo nguvu inapokuwa na maana. Tafuta kipande cha mpini wa ufagio kinachoingia bombani bila kubana, ukiweke upande wa kichwa, kisha ukigonge kwa nyundo ya mbao kuelekea nyuma, kwa mapigo mengi mepesi badala ya machache mazito, maana pigo zito hulipanua kopo la betri likazidi kubana. Zikikataa, mwagia bomba kwa nje maji ya moto ya kuogea, kisha gonga tena mara moja: alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, na nafasi ndogo kama unywele inaweza kutosha. Moto wa jiko au wa gesi hapana, kwa kuwa betri iliyofungwa ikipashwa hivyo hupasuka.

Sasa nirudi kwenye drili yako. Ikiwa yote yameshindikana, ingiza skrubu nene ya mbao kwa bisibisi ya mkono katikati ya kitako cha betri, uso wako ukiwa mbali na mdomo wa bomba, kisha vuta kwa koleo. Drili ya umeme huchimba haraka kuliko unavyoweza kuizuia, na gesi iliyobanwa ndani inaweza kurusha majimaji. Ushauri huu ni kwa betri kavu za aina mbili nilizotaja tu; betri ya lithiamu ya kuchaji haitobolewi, haigongwi wala haipashwi moto, kwani huweza kuwaka.

Zikishatoka, suuza bomba kwa maji safi, sugua springi kwa mswaki wa zamani, piga msasa laini kwenye hesi za kifuniko, kisha anika siku nzima. Hesi hizo usizipake rangi: katika tochi nyingi za namna hii umeme hurudi kupitia bomba lenyewe.

Niulize pia jambo moja: betri hizo ziliwahi kuanikwa juani, au kung'atwa, ili zipate nguvu? Jua huharakisha kemikali na kuipa betri uhai wa muda mfupi, lakini kwa betri ya zinki na kaboni kopo limeshakuwa jembamba, na joto huzidisha uvujaji. Kuchanganya mpya na kuukuu ni kubaya vilevile, kwa sababu iliyochoka huisha mapema na zenzake zikaendelea kuulazimisha mkondo upite ndani yake, gesi ikajaa mpaka kizibo kikaachia.

Weka betri tatu mpya za aina moja, zenye jumla ya volti 4.5, pamoja na balbu ya volti 3.8. Ikiwaka kwa kufifia, unganisha kwa kipande cha waya springi ya kifuniko na ukingo wa bomba uliosafishwa. Mwanga ukikolea, hesi bado zina uchafu. Usipobadilika, fungua swichi, maana huenda majimaji yalifika huko pia.